MWENYE KAZI NDIYE MWENYE DHIMA
Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Kazi ya Serikali inapokabidhiwa msimamizi au mkandarasi, dhima yake haihami. Aliyeitoa kazi hubaki kuwa mwenye kujibu. Jambo hili lilidhihirika katika mgogoro wa Nikaragua na Kosta Rika, nchi mbili jirani za Amerika ya Kati, uliotokana na mradi wa kuongeza kina cha Mto San Juan.

Kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1858, maji ya mto huo ni ya Nikaragua, na Kosta Rika ina haki ya kupitisha vyombo vyake vya biashara katika sehemu ya chini ya mto. Mwaka 1888, Rais Grover Cleveland wa Marekani, akiwa msuluhishi, aliamua kwamba Nikaragua inaweza kutengeneza njia ya mto, mradi ardhi ya jirani isifurikishwe, isikaliwe wala isiharibiwe.

Mwezi wa Oktoba 2010 Nikaragua ilianza kutoa tope na mchanga mtoni, chini ya usimamizi wa Bwana Edén Pastora, kamanda wa zamani wa wapiganaji wa msituni. Kazi haikuishia mtoni. Mfereji ulichimbwa katika ardhi oevu iliyodaiwa na Kosta Rika, miti ipatayo 300 ikakatwa, na askari wakaingia. Kosta Rika, ambayo ilivunja jeshi lake mwaka 1948, haikushika silaha. Tarehe 18 Novemba 2010 ilifungua shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague.

Tarehe 8 Machi 2011 Mahakama iliziamuru pande zote mbili zisiweke watu wao katika eneo hilo, isipokuwa wataalamu wa mazingira wa Kosta Rika. Hata hivyo, mwaka 2013 picha za setilaiti zilifichua mifereji miwili mipya. Nikaragua ilieleza kuwa Serikali haikuiidhinisha kazi hiyo, na kwamba Rais aliamuru isimamishwe alipopata habari. Maelezo hayo hayakuiondolea dhima, kwani waliochimba walikuwa watu wa mradi wake. Tarehe 22 Novemba 2013 iliamriwa kuufukia mfereji wa ufukweni ndani ya wiki mbili.

Hukumu ya tarehe 16 Desemba 2015 iliipa Kosta Rika ardhi hiyo. Lakini haki haikupendelea upande mmoja: uchimbaji wa mto wenyewe haukuonekana kuwa kosa, na Kosta Rika nayo ilitiwa hatiani kwa kujenga barabara kando ya mto bila ya kutathmini kwanza athari zake kwa mazingira.

Tarehe 2 Februari 2018 Mahakama ilikadiria fidia, ikiwa ni mara ya kwanza kwake kufanya hivyo kwa uharibifu wa mazingira. Kosta Rika ilidai zaidi ya dola milioni 6.7 za Marekani. Ilipewa dola 378,890.59, pamoja na riba. Mishahara ya watumishi wake wa kudumu haikulipwa, kwa kuwa wangelipwa hata pasingekuwa na mgogoro.

Ndugu wananchi, hapa pana mafunzo kwa kila anayesimamia gati, barabara au machimbo ya mchanga. Mipaka ya kazi iandikwe, na mkaguzi afike mahali penyewe badala ya kungojea ripoti ofisini. Jirani akilalamika, asikilizwe siku hiyo hiyo. Stakabadhi zihifadhiwe, kwani dai lisilo na ushahidi halisimami. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mkandarasi akishaondoka, ukuta huo hujengwa kwa fedha za umma.