Adui wa Nyumba ya 12: Mhadhara Kuhusu Ramli



Tanzania ya leo, ukitaja ramli, mtu anamalizia mwenyewe: "chonganishi". Mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na aliyewahi kusikia habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa kuwa na macho mekundu haulizi kwa nini. Naomba turudi kwenye ubao wenyewe wa ramli, maana shtaka hili la uchonganishi lina mahali pake hasa.

Katika ramli ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyofika pwani yetu, mpigaji hutia nukta mchangani mistari 16 bila kuzihesabu. Mstari ukitoka witiri anaandika nukta moja. Ukitoka shufwa, mbili. Mistari minne minne hufanya picha, na picha nne za kwanza huitwa mama. Akikusanya mstari wa kwanza wa kila mama anapata binti wa kwanza, na kadhalika hadi wa nne. Mama na mabinti hao wanakalia nyumba nane: nafsi, mali, ndugu, wazazi, watoto, maradhi, ndoa na mauti.

Nyumba nne zinazofuata huzaliwa kwa kujumlisha picha mbili mbili. Nafsi na mali huzaa safari. Nahodha yeyote wa jahazi angeafiki. Ndugu na wazazi huzaa cheo, watoto na maradhi huzaa matumaini. Ndoa na mauti? Maadui. Mpangilio wa nyumba hizi umeazimwa kwa wanajimu, kwa hiyo sidai kwamba kuna aliyeukusudia uzazi huo, ingawa mtu aliyewahi kukaa kikao cha mirathi hatashangaa.

Picha peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane imekaa wapi. Ile iitwayo Jamaa, yenye nukta mbili kila mstari, ikiwa nyumba ya ndoa yaweza kusomwa kuwa umati wa harusi; ikiwa nyumba ya mauti, umati uleule umekuja mazikoni.

Kisha, kwa kujumlisha vilevile, inakuja mahakama: mashahidi wawili katika nyumba ya 13 na ya 14, hakimu katika ya 15. Jumla ya nukta za hakimu haiwezi kuwa witiri. Mabinti ni nukta zilezile za mama zilizopangwa upya, hivyo kila shahidi anabeba witiri au shufwa ileile, na hakimu anaipokea mara mbili. Kati ya picha 16, ni 8 tu zinazoweza kukalia kiti chake. Ikitokea ya tisa, mpigaji amekosea, afute mchanga.

Siitetei ramli kuwa njia ya kujua ya ghaibu. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliikosoa tangu karne ya 14, nami niko upande wake. Ninachosema ni kwamba ubao una hesabu inayomsuta mpigaji wake. Nyumba ya 12 inataja uadui, haimtaji adui. Zipo mbinu za kuzipa picha herufi ili kusaka jina, lakini hizo ni nyongeza. Mganga anayesema "ni bibi wa nyumba ya pili" ameshatoka ubaoni, na hakuna shahidi wa 13 wala wa 14 anayeweza kumkagua.