Wazee wetu waliohama: si uchawi, tena si uzee tu

Leo tuongee juu ya mtu ambaye mnakaa naye, lakini pengine hamjamtazama vizuri. Ni mzee wenu.

Mfikirieni mtu aliyezaliwa Masisi mwaka 1950. Vita vya 1993 vilimkuta tayari ana watoto. Mwaka 1994 aliona wakimbizi wa Rwanda wakiingia. Vikaja vita vya 1996, kisha vya 1998. Kama alikimbilia Goma, Januari 2002 aliona moto wa Nyiragongo ukipita ndani ya mji, na Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Baadaye akalala chini ya hema Kanyaruchinya au Bulengo, mpaka mwanzo wa 2025, vita vilipofika Goma na kambi hizo zikavunjwa. Hesabuni mara ngapi alifunga mzigo. Kijana anapokimbia, anawaza atajenga wapi. Mzee anawaza makaburi aliyoyaacha, na nani atamzika yeye.

Ndiyo maana wengine wananyamaza. Nasi tunasema: "Ni uzee." Hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu maradhi yako ya namna mbalimbali, na dawa zake si moja.

Mzee ambaye kwa majuma mawili au zaidi hana furaha na kitu chochote, halali, anaacha chakula, anasema yeye ni mzigo na heri afe: huyo ana ugonjwa wa huzuni. Huo unatibika, hata mtu akiwa na miaka themanini. Unatibika kwa maongezi, kwa kumrudisha kati ya watu, na pengine kwa dawa ya muganga. Maneno yale ya kutaka kufa msiyacheke. Mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Na msimwache peke yake.

Mwingine anasahau polepole, mwaka baada ya mwaka. Anauliza neno lile lile mara kumi, anapotea njia ya maji, anamwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa. Ubongo wake unachoka kwa ugonjwa. Huu hatuna dawa ya kuuondoa, lakini utunzaji mwema unapunguza taabu. Msishindane naye. Akisema anarudi Masisi leo, mwulizeni habari za shamba lake, mtembee naye kidogo, atatulia. Kamba msimfunge.

Wa tatu ndiye wa haraka. Jana alikuwa mzima, leo anaongea ovyo, hawatambui watoto, au amelala tu. Hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa mwili: malaria, mapafu, kukosa maji, au dawa aliyokunywa vibaya. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Wangapi tumewaombea usiku kucha huku malaria inawamaliza!

Na kabla ya kusema mzee amerukwa na akili, angalieni masikio na macho yake. Asiyesikia anajibu visivyo. Asiyeona jioni anaogopa kila kivuli.

Sasa tuseme neno zito. Mwanamke mzee anayeongea peke yake usiku, jirani wanamwita mchawi. Mwaka 2021, huko Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake waliuawa kwa mashitaka ya namna hiyo. Shefu, siku kijana atakapokuletea neno hilo, usiite mkutano wa kumhukumu mama huyo. Ita muganga, tena mlinde mama usiku huo huo. Kuchelewa mpaka asubuhi kunaweza kumwua. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee, kwa mwili, kwa akili na kwa utu wao. Si hisani yako, ni kazi yako.

Kazi nyingine ni nyepesi. Mnapoandikisha watu kwa msaada, ulizeni: nani amelala ndani, hawezi kupanga mstari? Mnapogombana juu ya mpaka wa shamba, mwiteni mzee, maana yeye anakumbuka mababu walivyopatana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kivu ya Kaskazini ilikuwa na Barza la makabila, wazee wakiamua ugomvi pamoja. Mzee anayeulizwa shauri anapata sababu ya kuamka. Mpeni hata kazi ya kuchambua maharagi au kuwasimulia watoto.

Na yule bibi-arusi anayemwosha na kumlisha mzee kila siku, nani anamwuliza amelalaje? Wanaume, shikeni zamu. Akichoka kabisa, hasira yake itamwangukia mzee.

Ikiwa kituo cha afya hakiwezi, ombeni barua ya kuendelea mbele. Goma kuna nyumba ya Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, na zote mbili zinatunza wagonjwa wa akili. Mkienda, mweleze muganga mabadiliko yalianza siku gani, mzee anakula na kulala namna gani, na mbebe dawa zote anazokunywa, hata zile za miti.