Toyota Nyeupe na Jua la Nairobi

Ukiwa kwenye foleni ya Ngong Road, tazama mapaa ya magari meupe ya zamani. Mengine yamebanduka vipande vizima, kijivu kinaonekana chini. Mwenye gari huambiwa haoshi vizuri. Si haki. Mwaka 2019, Toyota iliwatangazia wateja wa Marekani kwamba kwenye baadhi ya magari yake meupe, mwanga wa jua hudhoofisha mshikamano wa matabaka ya rangi ya kiwandani. Ikajitolea kuyarekebisha bila malipo. Sisi tuko jirani na ikweta, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako jua ni kali zaidi, na aliyenunua gari lililotumika Japani hujilipia mwenyewe.

Kabla ya kulipa, bandika utepe wa gundi kando ya palipobanduka, uuvute ghafla. Ukitoka na rangi, usikubali fundi apulize mpya juu ya hiyo: zitabanduka pamoja. Apige msasa mpaka tabaka legevu liishe, aweke praima, rangi, kisha vanishi. Namba ya rangi imo kwenye kibati cha gari. Nyeupe moja ya kawaida ya Toyota ni 040.

Linaloniuma zaidi ni vijana wanaopuliza rangi bila kinga, kuanzia Kirinyaga Road hadi Kawangware. Kigandishi cha rangi nyingi za magari kina isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu. Kitambaa puani hakiizuii. Mnapopatana bei, uliza kama fundi ana barakoa ya vichujio. Kama hana, ongeza pesa anunue.