Mwalimu wa Kompyuta Ana Nafasi Gani Singida?

Msikilizaji, leo tumtazame mwalimu wa kompyuta mkoani Singida. Anakuhusuje? Kijana wa wilaya ya Mkalama anayetaka kazi serikalini huomba kupitia Ajira Portal. Mkamuaji wa mafuta ya alizeti anayetaka zabuni ya umma huingia NeST, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023. Huko kote, cheti kiwe faili la PDF, kipakiwe, nywila itunzwe; ndiyo anayoyafundisha mwalimu huyu. Asiyeyajua hayo humlipa mtu wa stesheneri na kumwachia siri zake.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema simu inatosha, tena umeme na intaneti vitangulie. Hoja ya umeme ina uzito; bila umeme somo hulala. Lakini Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta shuleni na pia kuwanoa walimu, maana kifaa bila mwalimu hubaki pambo. Na kuhusu simu, inatosha kusoma tangazo. Lakini kuandaa mchanganuo wa biashara ni kazi nyingine. Kwa hiyo, mwalimu huyu humwezesha mwananchi kujihudumia mwenyewe. Swali ni hili: halmashauri zetu zinapopanga bajeti, ziko tayari kumhesabu miongoni mwa huduma za lazima?