Pikipiki ikichemka: pima feni kabla hujainunua

Leo nazungumza hasa na wewe unayeendesha pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Wengine wanaiita tuktuk ya mizigo, ndugu zetu wa Tanzania wanaiita toyo au guta, na sisi tuliotoka Kongo kila chenye injini na usukani wa mikono tunakiita moto tu. Wewe mwenye pikipiki ya kawaida ya abiria, usiondoke. Nina neno lako pia.

Mimi ni fundi. Kazi hii niliianza Kivu Kusini kabla ya kukimbia, na nimeendelea nayo hapa kambini chini ya mti mmoja na turubai. Nitakueleza habari ya kijana mmoja jirani yangu, kwa ruhusa yake, ila jina lake nitalihifadhi.

Kijana huyu alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu, na kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe. Siku za mgao wa chakula ndizo zilizokuwa siku zake nzuri, kwa sababu familia nne au tano zinachanga, anawabebea magunia hadi mlangoni. Sasa, siku moja akiwa amejaza mzigo, akapita kwenye mchanga wa laga polepole kwa gia ya kwanza. Injini ikachemka. Akaangalia feni ya rejeta, akaiona haizunguki. Akaenda kwa fundi, fundi akatazama kwa macho tu akasema, "Feni imekufa, nunua nyingine." Kijana akakopa, akanunua feni mpya. Wakaifunga, haikuzunguka. Fundi akavuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye feni, ikazunguka, wakafurahi. Siku ya tatu injini ikachemka tena, na feni inazunguka vizuri kabisa! Akaendelea na safari kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa nyuma. Alipofika kwangu gasketi ya hedi ilikuwa imeungua na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Fundi, feni ni mpya," akaniambia. "Mbona bado inachemka?"

Nikachukua jani kavu nikaliweka karibu na feni. Feni ya pikipiki ile imefungwa nyuma ya rejeta, na kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele, ipite kwenye rejeta, iende nyuma kuelekea injini. Ile ya kijana ilikuwa inasukuma hewa kwenda mbele. Waya zilikuwa zimebadilishwa, chanya mahali pa hasi. Pikipiki ikienda, upepo wa barabarani unakuja kutoka mbele, feni nayo inasukuma kutoka nyuma, vinakutana katikati na kupigana, na rejeta inabaki na joto lake. Nikamwomba ile feni ya zamani. Bahati alikuwa hajaitupa. Nikaiunganisha na betri, ikazunguka. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Kilichokufa kilikuwa swichi ndogo ya joto, kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Deni la feni lilibaki. Gasketi ikaongeza deni jingine. Na mwenye pikipiki akaichukua pikipiki yake.

Ndiyo maana leo nataka ujue kupima mwenyewe. Hata kama hutafunga hata nati moja, ukijua kupima, fundi hatakuambia nunua hiki nunua kile kwa kubahatisha.

Lakini kwanza kabisa, mkono wako. Pikipiki ikichemka, usifungue kifuniko cha rejeta. Mimi nina kovu kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani kwa sababu nilikuwa na haraka. Maji ya rejeta yamefungiwa kwa nguvu, na kifuniko kina springi inayoyabana. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100 kama maji ya sufuria. Yanaweza kufika karibu na nyuzi 120 yakiwa bado maji. Ukifungua, ile nguvu inaondoka ghafla, na papo hapo maji yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Kitambaa hakikusaidii. Zima injini, sogea kivulini, shusha mzigo ukiweza, subiri. Nusu saa ni kidogo katika joto letu hili. Saa moja ni afadhali. Gusa mpira mnene wa juu wa rejeta ukishapoa: ukibonyea kwa urahisi, hapo unaweza kufungua, polepole, uso ukiwa mbali. Na usimwagie injini ya moto maji baridi. Chuma kikipozwa ghafla kinapasuka.

Injini ikishapoa, tazama maji kabla ya kitu kingine. Hapa wengi wanaruka. Ile swichi inayoiamuru feni inapaswa kuguswa na maji ya moto. Maji yakipungua, swichi inabaki kwenye hewa, haisikii joto vizuri, na feni haiwaki ingawa kila kitu ni kizima. Nimeona watu wamebadilisha swichi, kumbe maji yalikuwa yanavuja kwenye kibano cha mpira tu. Jaza, ukitafuta pia mahali yanapovuja. Ukijaza baada ya maji kuisha kabisa, hewa inabaki ndani. Washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, acha mapovu yatoke, ongeza maji, kisha funga kabla hayajapata moto.

Kama maji yapo na feni bado haizunguki, toa ufunguo, na ukiweza chomoa waya wa hasi wa betri. Usiweke kidole kabla ya hapo, maana zipo pikipiki ambazo feni inawaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Sasa izungushe kwa kidole. Ikiwa nzito au imekwama, angalia tope, nyasi, kipande cha mfuko wa plastiki. Ikizunguka laini, rudisha waya wa betri, kisha fungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi iliyoungua utaiona uzi wake umekatika. Weka nyingine yenye namba ileile. Karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi. Waya wa chuma si fyuzi. Ukiweka hivyo, siku ya hitilafu waya zitayeyuka, na petroli iko karibu. Na fyuzi mpya ikiungua tena mara moja, usiendelee kubadilisha. Kuna waya uliochubuka unagusa chuma mahali fulani, au mota ya feni imeshikana ndani.

Kipimo cha feni yenyewe ndicho kile nilichokifanya kwa jani. Chomoa soketi ya feni. Chukua waya mbili nzuri, zifunge kwenye betri kwanza, halafu ndipo uguse kwenye soketi ya feni, ili cheche isitokee juu ya betri. Ikizunguka, feni ni nzima na hupaswi kununua feni. Isipozunguka kabisa, hapo ndipo feni imekufa, na hata hivyo fundi wa mota anaweza kuibadilishia kaboni. Jani au kipande cha karatasi kitakuambia hewa inaelekea wapi. Weka alama ya wino kwenye waya kabla ya kuzitoa, usitegemee kumbukumbu.

Feni nzima, fyuzi nzima? Tafuta swichi ya joto. Mara nyingi imefungwa kwenye rejeta yenyewe au karibu na mahali maji yanapotokea kwenye injini. Chomoa waya zake. Kama ni mbili, ziunganishe pamoja kwa kipande cha waya, halafu fungua ufunguo bila kuwasha injini. Kama ni mmoja, uguse kwenye chuma tupu cha injini. Feni ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Isipozunguka, shida iko kwenye rilei au njia ya waya, na mahali pa kwanza pa kutazama ni waya wa athi unaofungwa kwenye fremu. Vumbi, kutu na rangi vinazuia umeme kupita. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena. Kazi hiyo haina vipuri, na imeponya pikipiki nyingi chini ya mti wangu. Ila kipimo hiki cha kuunganisha waya ni cha pikipiki zenye swichi ya kawaida. Kama yako ina kompyuta ya kuendesha injini, usiunganishe waya ovyo.

Umekwama, swichi haipatikani mjini wiki hii? Unaweza kufungiwa swichi ya mkono, yenye fyuzi yake, uwashe feni mwenyewe. Ukisahau kuizima usiku, asubuhi betri imekufa. Na ukiwa huna feni kabisa, kumbuka kwamba pikipiki ikienda, upepo unafanya kazi ya feni. Hatari yako ni kusimama injini ikiunguruma na kupita polepole kwenye mchanga na mzigo. Basi fanya kazi alfajiri na jioni, mzigo nusu, na ukisimama zima. Mchana wa Turkana, joto likipita nyuzi 35, pumzika.

Ikiwa feni inazunguka, upande sahihi, na bado inachemka, basi angalia uso wa rejeta. Vumbi letu likichanganyika na oili linakuwa kama saruji. Osha kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa brashi laini, bisibisi itakutobolea. Mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini baridi, thamostati imekwama au pampu ya maji haisukumi. Wapo mafundi wanaong'oa thamostati na kuitupa. Itakufikisha nyumbani, sikatai, lakini mimi naona ni kuahirisha. Mapovu yanayokuja mfululizo kwenye rejeta, moshi mweupe usiokoma, oili kama chai ya maziwa: hiyo ni gasketi. Usiiendeshe hata hadi kituo cha maji.

Kuhusu maji ya kujaza: maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, nawe unaona yanavyoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Ukoko huohuo unaziba rejeta. Kulanti ni bora. Ukikosa, maji ya mvua yaliyochujwa, au yale maji safi yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo inauzwa duka hilohilo.

Na mama unayenisikiliza, hili ni lako pia. Kulanti ni sumu, na ina ladha tamu. Mtoto anaweza kuinywa kwa furaha, mbuzi vilevile. Isiwekwe kwenye chupa ya soda. Jerikeni iliyobeba kulanti isirudi kamwe kwenye foleni ya maji ya kunywa, hata ukiisugua kwa mchanga mara kumi. Mtoto akiinywa, mkimbize hospitali hapohapo na chupa yenyewe. Usingoje aonekane mgonjwa.

Mtu akiungua kwa maji ya rejeta, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Najua maji ni ya foleni. Kikombe baada ya kikombe, majirani watachangia. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga, vyote hivyo viache. Mimi nilipakwa dawa ya meno, na muuguzi alipata kazi ya kuikwangua juu ya ngozi iliyoungua. Sitasahau. Funika kwa kitambaa safi, nenda kliniki.

Sasa wewe wa bodaboda. Boxer na nyingi za aina yake hazina rejeta wala feni. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya injini. Ukiona inapoteza nguvu, inanuka joto, inagonga, tazama tope lililoziba yale mapezi, pima oili, na ujiulize ni nani aliyebana kabureta ili petroli ipungue. Petroli kidogo na hewa nyingi inaongeza moto ndani. Tapeti zilizobana nazo zinachangia. Na abiria watatu na jerikeni mbili, hilo nadhani wewe mwenyewe unalijua.

Yule kijana sasa yuko nami. Alikuja kulipa deni la gasketi kwa kufanya kazi, akabaki. Wiki iliyopita aliletewa pikipiki iliyochemka, mwenyewe ameshika pesa mkononi anataka kwenda mjini kununua feni. Kijana akamwambia, "Ngoja kwanza, kaka." Akatafuta jani.

Kwa leo naishia hapo. Kipindi kijacho tutazungumza juu ya betri na chaji. Kwaherini.