Urefu Wako Si Saizi ya Baiskeli Yako

Msikilizaji, leo nazungumzia fremu ya baiskeli, na nazungumza hasa na watu wa aina mbili: mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mwenye miguu mifupi na kiwiliwili kirefu. Watu hawa wakiingia dukani huulizwa swali moja tu, "Una urefu gani?" Mara nyingine hata hilo hawaulizwi. Muuzaji huwatazama kutoka juu hadi chini, akavuta baiskeli iliyo karibu, akawatajia bei. Wanaondoka nayo, na baada ya miezi kadhaa magoti yanauma, viganja vinakufa ganzi, shingo inakaza, nao wanaamini kwamba ndivyo baiskeli ilivyo. Sivyo ilivyo. Wameuziwa fremu ya mtu mwingine.

Chukua ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja, kila mmoja ana urefu wa sentimita 175. Wakisimama mlangoni wako sawasawa. Wakikaa kwenye benchi, mmoja anampita mwenzake kwa nusu kichwa. Ukipima mguu kwa ndani, kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, mmoja ana sentimita 86 na mwenzake ana 76. Sasa iko hesabu iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France ya mwaka 1986, 1989 na 1990, ambayo aliipata kwa kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard. Zidisha urefu wa ndani wa mguu kwa 0.883, na jibu ndilo umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti. Ndugu wa kwanza siti yake itakaa kwenye sentimita 76 hivi. Wa pili, 67. Hiyo ni tofauti ya karibu sentimita 9 kwa watu ambao muuzaji angewapa baiskeli moja bila kusita.

Hesabu hiyo ilitoka kwa watu wa mashindano, kwa hiyo ichukuliwe kama pa kuanzia. Anayebeba magunia na kusimama kila mara kwenye foleni ateremshe siti kidogo, ili mguu ufike chini upesi. Baada ya hapo mwili wenyewe ndio wa kuthibitisha. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Ukija kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Mtazame mwendesha baiskeli yeyote barabarani ukiwa nyuma yake. Kama makalio yanayumba kushoto na kulia kila anapokanyaga, siti iko juu mno. Kama magoti yanapanda hadi karibu na tumbo, iko chini mno, na mara nyingi ataumia mbele ya goti.

Kupima mguu ni kazi ya dakika chache, lakini ifanywe sawasawa. Vua viatu, egemeza mgongo ukutani, acha nafasi ya kiasi cha sentimita 15 kati ya nyayo. Pitisha kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukiwa juu na ukingo wake ukigusa ukuta ili kisiende mshazari. Kipandishe mpaka kigote kwenye mfupa, kwa nguvu ileile ambayo siti ingekusukuma. Mwenzako atie alama ya penseli ukutani, kisha mpime kutoka sakafuni kwa tepu ya fundi cherehani. Usipime suruali yako, kwa sababu mshono wake huning'inia chini ya mfupa. Kutoka kwenye alama hiyo, pima tena kwenda juu hadi kwenye kishimo cha chini ya koo. Hicho ndicho kiwiliwili chako. Mwisho pima mkono, kutoka kwenye mfupa wa ncha ya bega hadi kwenye ngumi iliyoshika penseli. Mguu, kiwiliwili, mkono: namba hizo tatu zinaeleza mengi kuliko urefu wako wote.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wale wanaopima. Wanapima mguu, wanachagua fremu yenye kimo kinacholingana na mguu, basi. Lakini siti inapanda na kushuka kwa spana moja. Kinachochomelewa kiwandani na kubaki hivyo ni urefu wa fremu kwenda mbele, ule unaoamua usukani uwe umbali gani kutoka kwako. Mwenye mwili usiolingana na wastani aanze na urefu huo, kimo kifuate.

Mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi akichagua kwa mguu atapewa fremu ndefu kwenda juu, na fremu za namna hiyo kwa kawaida ni ndefu kwenda mbele pia. Atanyoosha mikono mpaka viwiko vikaze, na uzito wake wote utaangukia viganjani. Fundi atamshauri aisogeze siti mbele. Hapo usukani utakaribia kweli, lakini magoti yatatangulia mbele ya pedeli, na maumivu yatahama kutoka viganjani kwenda magotini. Dawa yake ni fremu fupi zaidi kwenda mbele, yenye shingo ndefu kwenda juu au usukani unaoweza kupandishwa, pamoja na nguzo ya siti iliyo ndefu ya kutosha. Kwenye nguzo hiyo kuna alama ya mwisho wa kupandisha. Alama hiyo isionekane nje ya bomba hata kidogo, kwani ikitoka nguzo inaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Mwenye miguu mifupi na kiwiliwili kirefu ana shida ya upande wa pili. Fremu inayomruhusu kusimama bila bomba la juu kumgusa msambani ni fupi mno kwenda mbele, kwa hiyo anakaa amejikunja na magoti yanakaribia kugonga usukani. Huyu atafute fremu ambayo bomba lake la juu limeinama kuelekea kwenye siti, kama zilivyo nyingi za baiskeli za milimani. Atapata urefu wa mbele anaouhitaji na nafasi ya kusimama kwa usalama. Akipata na krenki za milimita 165 badala ya 170 au 175, magoti yake yatashukuru.

Mwaka 1985 huko Marekani, mhandisi Georgena Terry alianzisha kampuni ya baiskeli za wanawake kwa sababu hii hii. Fremu za wakati huo zilikuwa ndefu mno mbele kwa wanawake wafupi. Alizifupisha, na kwenye baadhi ya baiskeli zake akaweka gurudumu dogo la inchi 24 mbele, ili kidole cha mguu kisigonge tairi wakati wa kukata kona. Watu wengi walipata baiskeli iliyowakaa kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, isitafsiriwe kwamba kila mwanamke ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Wapo wanaume wenye umbo hilo na wanawake wenye umbo la kinyume chake. Tepu haiulizi jinsia.

Huku kwetu baiskeli nyingi za kazi ni zile nyeusi za Phoenix, Hero na Avon, zenye magurudumu ya inchi 28 na fremu za saizi moja au mbili tu. Ziko pia za mitumba kutoka Japani na Ulaya, ambazo hata zikiwa na herufi S, M au L, M ya kiwanda kimoja inaweza kuwa L ya kingine. Mnunuzi akisitasita huambiwa mchagua jembe si mkulima. Naiheshimu methali hiyo panapokuwa na uvivu. Lakini anayepeleka mkaa mjini kila alfajiri, au binti anayeendesha kwenda shule ya kata kila siku, si mvivu anapouliza kama fremu inamkaa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Washindani wa kiwango hicho kwa kawaida hupimiwa siti na usukani kwa milimita. Katika milima ya huko huko, kila siku, watu hupanda na mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa kwenye baiskeli ambazo hakuna aliyewapimia. Wenye mzigo mzito zaidi ndio wanaonyimwa kipimo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila duka la baiskeli liwe na tepu, na muuzaji aitumie kabla ya kutaja bei. Taasisi zinazogawa baiskeli kwa wanafunzi na wahudumu wa afya zichukue vipimo vya miguu na viwiliwili kabla ya kuagiza, na zilete fremu za saizi zaidi ya moja. Nawe mnunuzi, andika namba zako tatu kwenye karatasi uende nazo dukani. Ukiona jirani ana baiskeli inayokukaa vizuri, pima umbali wa ncha ya siti hadi katikati ya usukani wake, uulinganishe na wa ile unayotaka kununua. Usipolingana, na shingo ya usukani haiwezi kubadilishwa, usilipe. Tafuta nyingine, kwa sababu fremu utakayoilipia leo ndiyo utakayoikalia miaka mingi.