Neema ya Mji na Haki ya Jirani

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mji ni mahali ambapo Mwenyezi Mungu amekusanya watu wengi na riziki nyingi. Aujuaye mji wa Bujumbura hahitaji ushahidi wa maneno haya. Mji huo uliitwa Usumbura mpaka Burundi ilipojitawala mwaka 1962. Na ijapokuwa mwaka 2019 Gitega ilifanywa makao makuu ya siasa, Bujumbura ndiyo iliyobaki kuwa mji wa biashara, na Ziwa Tanganyika li mlangoni pake.

Usiku usio na mbalamwezi, asimamaye ufukoni huona taa za wavuvi zimetapakaa juu ya maji kama nyota. Taa hizo ndizo ziwavutazo ndagala, na mukeke huja nyuma yao kuwala. Kunapopambazuka samaki hao wamekwisha kufika sokoni, na adhuhuri mukeke yu juu ya makaa, akingojewa na ugali wa muhogo, pilipili, na mboga ya lengalenga au sombe. Mtu wa Kigoma akiketi mbele ya sahani hiyo hujiona yuko kwao, maana mukeke kwao ni mgebuka, na ndagala ni dagaa. Majina ni mbalimbali, ziwa ni moja.

Ama katika mtaa wa Buyenzi, penye Waislamu wengi, huongezeka chapati, sambusa na pilau, na mwezi wa Ramadhani tende na uji wa futari. Dini na lugha ya Kiswahili ziliingia nchini kwa njia ya wafanya biashara waliotoka pwani wakapitia Ujiji katika karne ya 19. Na mapishi ya pwani yalifuata nyayo hizo hizo.

Wako watu wadhanio kwamba mcha Mungu hana budi kuukunja uso mbele ya furaha. Dhana hiyo si sawa. Qur'ani Tukufu imehalalisha vilivyo vizuri, ikakataza israfu. Na katika Hadithi zilizo sahihi imesimuliwa kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha apate kuwatazama mpaka alipotosheka. Basi mchezo wenye adabu, usio na ulevi wala matusi, hauna lawama.

Tazameni ngoma za Burundi. Zamani zilipigwa kwa heshima ya mfalme, na kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, lakini ngoma hazikunyamaza. Na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Wapigaji husimama kwa nusu duara, na mmoja huingia kati, akacheza na kupiga, kisha humwachia mwenziwe nafasi. Hakuna aishikaye nafasi ya katikati peke yake mpaka mwisho. Hilo ni fundisho kubwa kwa watu wa mji.

Maana furaha ya mji ni kitu chepesi kuvunjika. Tangu mwaka 1993 vita viliigawa mitaa ya Bujumbura kwa makabila. Buyenzi ilijulikana kuwa mahali pa watu wa pande zote. Hata hivyo mwezi wa Machi 1995 nayo ilishambuliwa, pamoja na mtaa jirani wa Bwiza, na watu wengi wakakimbia. Siku hizo samaki walikuwamo ziwani kama desturi, na makaa yalikuwako. Kilichokosekana ni jirani wa kuketi naye.

Tena tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu liliteketea kwa moto, na wafanya biashara wengi wakapoteza mali ya maisha yao kwa siku moja. Na mwaka 2024 petroli ilikuwa adimu, na chakula kisafirishwacho kwa gari hakina budi kupanda bei. Katika shida kama hizo nyumba moja hununua mukeke, na ya pili hununua chumvi tu. Lakini harufu ya samaki haina mlango; huvuka ukuta ikamfikia hata asiyepata kitu.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa neema. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake, apate kuwakumbuka majirani. Angalieni hekima yake: hakumwambia azidishe nyama, ambayo huenda hana, bali maji, ambayo hata maskini anayo. Na wala jirani si Mwislamu peke yake. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa.

Kwa hiyo mama wa Buyenzi anayemtuma mtoto kabla ya adhana ya magharibi, na sahani iliyofunikwa, kwenda nyumba ya pili bila ya kuuliza kabila wala dini ya mwenye nyumba, hafanyi jambo dogo. Anaulinda mji. Na mtoto aliyezoea kubisha hodi kwa jirani akiwa na sahani, itakuwa vigumu siku moja kumpeleka mlango ule ule akiwa na panga.

Basi kuleni, ndugu Waislamu, furahini, na zisikilizeni ngoma. Lakini kila chungu kiongezewe maji kidogo. Mwenyezi Mungu auhifadhi mji huo na miji yote, na awazidishie watu wake riziki na mapenzi.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum.